Jinsi magonjwa yalivyopata namba

Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, faili lake haliendi rafuni moja kwa moja. Katika hospitali inayofuata utaratibu, faili hilo hupitia kwanza kwa ofisa wa kumbukumbu za afya. Yeye hulisoma kuanzia karatasi ya kulazwa hadi muhtasari wa daktari, kisha huandika mbele ya kila ugonjwa herufi moja na tarakimu chache. Malaria inayoletwa na kimelea cha Plasmodium falciparum hupewa B50, kisukari cha aina ya pili E11, shinikizo la damu lisilo na chanzo kinachojulikana I10. Hiyo ndiyo misimbo ya magonjwa. Kwa misimbo hiyo hospitali hujua wodi zake zimejaa watu wanaougua nini, wizara hukadiria dawa za kununua, bima hulipa madai, na takwimu za nchi moja hulinganishwa na za nchi nyingine hata kama madaktari wake hawaandiki kwa lugha moja. Chimbuko lake, hata hivyo, ni hesabu ya wafu, na ilichukua karibu miaka 350 kabla hesabu hiyo haijawafikia wagonjwa walio hai.

Tangu 1603 jiji la London lilitoa kila wiki, bila kukatiza, orodha ya waliozikwa katika parokia zake. Sababu kubwa ilikuwa tauni: wakubwa wa jiji walitaka kujua mapema kama maradhi yameanza kuenea. Walioamua chanzo cha kifo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake, wengi wao wazee na maskini, walioajiriwa na parokia kukagua maiti, kuwahoji wafiwa na kumpelekea karani taarifa. Katika orodha zao mna homa, kifua kikuu na ndui, lakini pia vifo vilivyoandikwa kuwa vya “uzee”, vya “ghafla”, na vya “meno”, maelezo yaliyotumika kwa watoto waliofariki katika umri wa kuota meno.

Mtu wa kwanza kuzichambua orodha hizo kwa makini alikuwa John Graunt, mfanyabiashara wa vifaa vya ushonaji, aliyetoa kitabu chake mwaka 1662. Graunt alizihesabu, kisha akazitilia shaka. Alishangaa kuona kaswende ikitajwa mara chache sana katika jiji lililokuwa nayo tele, akaeleza kwamba wakaguzi walikuwa wakinyweshwa bia na kupewa chochote mkononi ili waandike ugonjwa mwingine usio na aibu. Miaka mitatu baadaye shaka hiyo ilipata uzito. Tauni ya 1665 iliandikwa kuwa imeua watu 68,596, ilhali wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa walikaribia 100,000. Nyumba yenye mgonjwa wa tauni ilifungwa kwa siku 40 na wote waliokuwa ndani yake, kwa hiyo kila familia ilikuwa na sababu ya kuomba kifo kiandikwe kwa jina jingine. Kila mfumo uliofuata umepambana na jambo hilohilo, kwamba anayeandika ugonjwa huandika akiwa na mtu pembeni mwenye maslahi katika kinachoandikwa.

Karne ya 18 ilileta wasomi waliotaka kuyapanga magonjwa kwa makundi kama wataalamu wa mimea walivyopanga mimea. François Boissier de Sauvages wa Montpellier alitoa orodha yake kubwa mwaka 1763. Mwaka huohuo Carl Linnaeus, aliyeipa mimea na wanyama majina ya kisayansi, naye akatoa yake, na William Cullen wa Edinburgh akafuata mwaka 1769. Uainishaji wa Cullen ndio uliotumika zaidi, na ndio aliourithi mtu ambaye misimbo ya leo inamdai shukrani kuliko mwingine yeyote.

Mtu huyo ni William Farr, aliyezaliwa mwaka 1807 katika familia maskini ya Shropshire, Uingereza. Usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837, na Farr akakabidhiwa kazi ya kupanga takwimu zake. Katika ripoti ya kwanza, ya mwaka 1839, alitaja kasoro alizozikuta. Ugonjwa mmoja ulikuwa na majina matatu au manne. Jina moja lilibeba magonjwa kadhaa. Maneno yasiyo na maana thabiti yalitumika ovyo, na mara nyingi kilichoandikwa kilikuwa tatizo lililozuka mwishoni badala ya ugonjwa ulioanza. Alishikilia kwamba elimu ya vifo inahitaji majina yasiyoyumba kama vile sayansi nyingine zinavyohitaji vipimo vya uzito na urefu. Ofisa wa kumbukumbu wa leo, awe Mbeya au Kisumu, angeweza kuandika malalamiko hayo manne bila kubadilisha kitu.

Kongamano la kwanza la kimataifa la takwimu lilikutana Brussels mwaka 1853. Lilimwomba Farr na Marc d’Espine wa Geneva watayarishe orodha moja ya vyanzo vya vifo itakayofaa nchi zote. Walipofika Paris mwaka 1855, kila mmoja alikuja na yake. D’Espine aliyapanga magonjwa kwa asili yake. Farr alikuwa na makundi matano: magonjwa ya mlipuko, magonjwa ya mwili mzima, magonjwa ya kiungo kimoja yaliyopangwa kwa sehemu za mwili, matatizo ya ukuaji, na majeraha. Kongamano likawapatanisha kwa orodha ya vichwa 139, mapatano ambayo hayakumridhisha mtu na hayakukubaliwa kila mahali. Mpango wa Farr ndio uliodumu. Yeyote anayefungua uainishaji wa leo ataukuta: maambukizi peke yake, ajali na majeraha peke yake, na katikati sura za moyo, mapafu, tumbo, ngozi na kadhalika. Uliwashinda wapinzani kwa kuwa haukudai kujua kiini cha kila ugonjwa. Ulihitaji tu daktari aseme ni sehemu gani ya mwili imeugua, na hilo hata daktari wa 1855 aliliweza.

Wazo la kuwahesabu wagonjwa wa hospitali, na si wafu pekee, lilipata mtetezi mapema. Florence Nightingale alirudi kutoka vita vya Crimea akijua kwamba askari wengi waliuawa na maradhi ya hospitalini kuliko silaha za adui. Mwaka 1860, kongamano hilo lilipokutana London, alipendekeza hospitali zote zitumie fomu za aina moja na orodha moja ya magonjwa, ili ijulikane nani aliingia, na ugonjwa gani, alikaa siku ngapi, na alitokaje. Farr alikuwa mshauri wake wa karibu. Baadhi ya hospitali za London zilizijaribu fomu hizo, kisha zikaachwa, kwa kuwa zilikuwa na kazi nyingi na hospitali hazikuwa na watu wa kuifanya. Pendekezo hilo lililala kwa miaka 88.

Kilichosonga mbele ni hesabu ya vifo. Mwaka 1891 Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu, ilipokutana Vienna, iliunda kamati chini ya Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris. Bertillon alikuwa mjukuu wa Achille Guillard, ambaye mwaka 1853 ndiye aliyewasilisha hoja ya kumpa Farr na d’Espine kazi yao. Orodha yake aliiwasilisha Chicago mwaka 1893, katika urefu wa aina tatu: vichwa 44, 99 na 161, kila nchi ichague kwa uwezo wake. Busara hiyo, ya kuiruhusu nchi isiyo na wataalamu wengi itumie orodha fupi inayooana na ile ndefu, haijapewa sifa inayostahili. Mwaka 1898 Wamarekani walipendekeza orodha irekebishwe kila baada ya miaka kumi, na mnamo Agosti 1900 wajumbe wa nchi 26 walikutana Paris wakapitisha marekebisho ya kwanza, yenye vichwa 179.

Wakati huohuo namba ilianza kupata kazi ya pili. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Herman Hollerith alizijaribu kadi zake za kutobolewa kwa takwimu za vifo za Baltimore, kabla hazijatumika katika sensa ya Marekani ya 1890. Mashine haikuweza kusoma mwandiko wa daktari, lakini tundu lililotobolewa mahali pake iliweza kulihesabu. Tangu hapo kuupa ugonjwa namba kukawa sharti la kuhesabiwa kwa mashine, na hali ni hiyohiyo katika kompyuta za sasa.

Mwaka 1948 ndio uliobadilisha mambo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa limeanzishwa mwaka huohuo, nalo likakabidhiwa marekebisho ya sita ya orodha. Safari hii haikuwa orodha ya vyanzo vya vifo tu. Kwa mara ya kwanza iliingiza magonjwa yasiyoua, majeraha, na sababu nyingine za kwenda hospitali. Mtu aliyelazwa kwa ngiri, akapasuliwa na kupona, sasa alikuwa na mahali pake katika takwimu za dunia. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, maarufu kwa kifupi cha ICD, ukaingia wodini, na Nightingale akawa amejibiwa.

Namna unavyofanya kazi huonekana vizuri katika toleo la kumi, ICD-10, lililoidhinishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika miaka michache baadaye. Tuseme mwanamke amelazwa baada ya kuanguka kutoka kwenye bodaboda alikokuwa abiria. Mfupa wa paja umevunjika katikati, na wodini imegundulika pia ana presha. Ofisa wa kumbukumbu huanza na kitabu cha tatu, ambacho ni faharasa, na kutafuta “kuvunjika”, kisha “paja”. Hapo hakubali msimbo mara moja. Hurudi kitabu cha kwanza kusoma nini kinahesabiwa chini yake na nini kimetengwa, kisha huandika S72.3. Msimbo huo unasema kilichovunjika tu, hivyo huongeza V28.5, unaomtambulisha abiria wa pikipiki aliyeumia barabarani bila pikipiki hiyo kugongana na kitu. Mwisho huja I10 kwa presha. Kanuni katika kitabu cha pili zinamtaka aweke mbele ugonjwa uliosababisha zaidi mgonjwa atibiwe au achunguzwe, nao hapa ni paja. Akiona katika majibu ya maabara kwamba sukari ilikuwa juu, lakini daktari hakuandika kisukari popote, hana ruhusa ya kuandika E11. Anachoweza ni kulirudisha faili kwa daktari na kuuliza. Bila ile V28.5, wizara ingebaki na idadi ya mapaja yaliyovunjika pasipo kujua ni mangapi yalitokana na pikipiki.

Herufi ya mwanzo nayo iliwekwa kwa sababu. Matoleo ya awali yalitumia tarakimu tatu, hivyo hayakuweza kuzidi nafasi elfu moja, nazo zilikuwa zimejaa. Herufi moja na tarakimu mbili hutoa nafasi 2,600. Uhitaji huo ulikuwa dhahiri. ICD-9 ilikamilishwa mwaka 1975, na UKIMWI uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, kwa hiyo ugonjwa uliokuja kuitikisa Kagera na Uganda haukuwa na mahali katika kitabu kilichokuwa mezani. ICD-10 iliupa B20 hadi B24. Mwaka 2020 dharura mpya, UVIKO-19, ilipata U07.1 ndani ya wiki chache, kwa kuwa safari hii nafasi tupu zilikuwa zimetengwa mapema.

Ukurasa mmoja wa ICD-10 unapaswa kujulikana zaidi Afrika Mashariki. Ni kundi la A92, la homa za virusi zinazoenezwa na mbu. Chikungunya, A92.0, ilitambuliwa katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. A92.1 ni o’nyong-nyong, iliyozuka Uganda mwaka 1959. Virusi vya West Nile, A92.3, vilipatikana Uganda mwaka 1937. Homa ya Bonde la Ufa, A92.4, ilielezwa na watafiti mwaka 1931 baada ya kuua kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Baadaye Zika, iliyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Uganda wenye jina hilo, ikawekwa A92.5. Karani wa hospitali ya Brazil au Italia anayeandika moja ya misimbo hiyo anatumia maarifa yaliyopatikana hapa.

Kazi iliyobadilisha zaidi tabia ya misimbo, hata hivyo, ilikuja na fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Robert Fetter, mtaalamu wa uendeshaji wa viwanda, na John Thompson, aliyesomea uuguzi, walibuni njia ya kuwapanga wagonjwa waliolazwa katika makundi yenye gharama zinazokaribiana. Nia ilikuwa kupima kazi ya hospitali. Jimbo la New Jersey likaitumia kulipia huduma kuanzia 1980, na tarehe 1 Oktoba 1983 Medicare, bima ya serikali ya wazee, ikaifuata nchi nzima. Hospitali haikulipwa tena kwa gharama ilizotumia. Ililipwa kiasi kilichopangwa kwa kundi, na kundi liliamuliwa na misimbo. Nimonia ya kawaida na nimonia yenye matatizo makubwa zikawa na bei mbili. Tayari mwaka 1981 daktari Donald Simborg alikuwa ameonya katika jarida la kitabibu kwamba hospitali zitavutwa kuwaandika wagonjwa wao kuwa wagonjwa zaidi kuliko walivyo. Ikawa hivyo, na ukaguzi wa madai ukawa taaluma kamili. Wakaguzi wa maiti wa siku za Graunt walipewa chochote ili kupunguza, hospitali zikawa na sababu ya kuongeza. Fomu za madai ya bima Afrika Mashariki nazo hutaka msimbo wa ugonjwa, kwa hiyo mvuto huo si wa Marekani peke yake.

Lakini kosa kubwa zaidi hutokea bila nia yoyote mbaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliwaangalia wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa upya kwa uangalifu, chini ya nusu walikutwa na vimelea. Mafaili yao yalisema malaria, na ofisa aliyeandika B50 alifuata kanuni zote. Msimbo ulikuwa sahihi kwa faili, na faili halikuwa sahihi kwa mgonjwa. Kila mkoa ulioagiza dawa kwa takwimu za namna hiyo uliagiza dawa za malaria kwa watu waliokuwa na nimonia au maambukizi ya damu, ambao wengine kati yao walikufa. Hapo tatizo lilikuwa darubini, vitendanishi, na mazoea ya kumtibu kila mwenye homa kama mwenye malaria. Hakuna marekebisho ya ICD ambayo yangeliondoa. Vipimo vya haraka vya malaria, vilivyoenea katika miaka iliyofuata, viliboresha takwimu kuliko toleo lolote jipya la kitabu.

Kwa sehemu kubwa ya vituo vya afya vya ukanda huu, kuweka misimbo kamili bado ni kazi ya hospitali kubwa. Zahanati hujaza rejesta zenye orodha fupi ya magonjwa, kama zile za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, ambazo Tanzania ilizianzisha miaka ya 1990, na jumla zake hupelekwa wilayani. Kenya ilianza kuzikusanya kupitia mfumo wa mtandaoni wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na Chuo cha Mafunzo ya Kitabibu cha Kenya, KMTC, kina kozi za kumbukumbu na taarifa za afya. Bertillon asingeshangaa: ni orodha fupi na ndefu zinazotakiwa kuoana. Kwa waliofia nyumbani, Tanzania ilijaribu njia nyingine. Kuanzia 1992 mradi wa AMMP uliwatuma wahojaji kwa wafiwa katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro wakiwa na dodoso maalumu, kisha madaktari wakayasoma majibu na kuamua chanzo cha kifo.

Kwa waliofia hospitalini kuna cheti cha kimataifa cha sababu ya kifo, na hapo ndipo uzembe hugharimu zaidi. Cheti kinamtaka daktari aandike mnyororo: mstari wa juu kilichomuua mgonjwa moja kwa moja, chini yake kilicholeta hicho, na chini kabisa kilichoanza. Mama aliyefariki baada ya kujifungua anaweza kuandikwa mshtuko wa kupungukiwa damu, uliotokana na kutokwa damu nyingi, iliyotokana na kondo la nyuma kubaki tumboni. Msimbo wake unakuwa O72.0 na anahesabiwa miongoni mwa vifo vya uzazi. Daktari mwenye haraka akiandika “mshtuko” tu, mama huyo anapewa msimbo wa R57 na kutoweka katika hesabu inayotumika kuomba damu salama na wakunga. Christopher Murray na Alan Lopez, waliotoa mwaka 1996 makadirio makubwa ya mzigo wa magonjwa duniani, waliita misimbo ya aina hiyo takataka, na jina limebaki. Moyo kusimama, moyo kushindwa na uzee ni mifano yake mikubwa. Kati ya kazi zote za kuboresha takwimu za afya, kumfundisha daktari mchanga kujaza mistari hiyo ni miongoni mwa zisizo na gharama kubwa, nayo hupewa muda mdogo sana.

ICD-11 ilipitishwa na Baraza la Afya Duniani mwezi Mei 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, huku nchi zikipewa kipindi cha mpito. Ina misimbo ipatayo 17,000. Herufi O na I zimeachwa ili zisichanganywe na 0 na 1. Malaria ya falciparum ni 1F40, na kiharusi kimetolewa katika sura ya moyo na mishipa ya damu kikapelekwa katika sura ya mfumo wa neva. Misimbo inaweza kuunganishwa, ili mvunjiko, upande wa mwili na chanzo cha ajali visomeke kwa pamoja. Imeandaliwa tangu mwanzo kwa kompyuta, na zana yake ya kutafutia ni ya bure.

Mashine nazo zimekuwa zikichagua misimbo kwa muda mrefu. Marekani ilianza kutumia programu ya kuamua chanzo cha kifo mwaka 1968. Katika hospitali zenye mfumo wa kielektroniki, daktari mwenyewe huchagua ugonjwa kwenye orodha inayofunguka mbele yake, mara nyingi mgonjwa akiwa bado kitini na foleni ikiwa ndefu nje, na jina la kwanza kwenye orodha huchaguliwa hata pale ambapo la tano lingefaa zaidi. Kazi ya ofisa wa kumbukumbu inageuka kuwa ya ukaguzi. Hulinganisha msimbo uliochaguliwa na majibu ya maabara, karatasi ya chumba cha upasuaji na maandishi ya wodini, na kulirudisha faili kwa daktari pale visipokubaliana.